Foleni Isiyo na wa Pili

Usiku wa kuamkia juzi niliota nimeitwa bandarini kwenda kuomba radhi kwa niaba ya koma.

Sikushangaa. Mtu aliyeandika sheria kwa miaka ishirini na miwili anajua kwamba ipo siku koma zake zitamtafuta. Nilivaa suti ya kijivu, ile ya vikao, nikachukua miwani, nikafungua mlango wa ofisi yangu, na pale ambapo siku zote pana korido nikakuta bahari.

Kabla sijaendelea, nieleze mimi ni nani, maana kwenye ndoto hakuna aliyeniuliza. Naitwa Ndelilio Mfinanga. Naandika miswada, yaani sheria kabla hazijawa sheria. Wakubwa wanasema wanachotaka, nami nakitafutia maneno ambayo hakuna atakayeyaelewa vibaya, kwa sababu hakuna atakayeyaelewa kabisa. Mwaka huu, meli zilipoanza kuzunguka njia ndefu na mizigo ikawa inachelewa kwa miezi, madukani hakuna vipuri, mashambani hakuna mbolea, nilipewa kazi ya kuandika Muswada wa Sheria ya Dharura ya Mnyororo wa Ugavi. Una kurasa sitini na nne. Mwishoni pana jedwali, orodha ya bidhaa ambazo zikifika bandarini "zitatangulia nyingine zote, bila ucheleweshaji."

Orodha ilianza na bidhaa sita. Kila kikao kikaongeza za kwake, na hakuna aliyekubali ya kwake iwe ya pili. Mimi sipendi kugombana na watu, hasa watu wenye magari makubwa kuliko langu, kwa hiyo nikaziweka zote. Zikafika mia mbili na kumi na moja, zote za kwanza. Nyumbani nilijisifu kwamba nimeandika sheria isiyomuudhi mtu.

Siku hizo hizo dada yangu Namkunda alinipigia simu. Yeye ni mkunga, ndiye msimamizi wa zahanati kule kwetu milimani, Upare. Vitanda vyake viwili vya kujifungulia, zawadi kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, vilikuwa vimekwama bandarini, huo ukiwa mwezi wa nne wa kusubiri.

"Mdogo wangu," alisema, "viandike na vyenyewe humo kwenye orodha yako."

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyevaa tai: "Dada, sheria haiandikwi kindugu."

Akasema haya, akaniambia niwasalimie watoto, akakata.

Nilijiona mwadilifu kweli. Sikumwambia kwamba namba kumi na saba katika orodha ileile, "vifaa tiba vya uti wa mgongo kwa watumishi wa umma," ilikuwa ni kiti changu cha kukandia mgongo. Kinatumia umeme. Kinatetemeka. Rimoti yake ina vitufe kumi na viwili. Nilikiagiza mwenyewe, na nilikuwa nimeshakitengea kona sebuleni.

Basi. Niko bandarini.

Ni saa nne asubuhi, jua kali. Katika ndoto muswada wangu umeshapitishwa. Ulipita haraka sana, kama vile hakuna aliyeusoma, jambo ambalo tangu mwanzo nilikuwa nalitegemea. Winchi la kupakulia makontena, refu kama jengo la ghorofa kumi, linanyoosha shingo, linaniinamia mpaka nasikia harufu ya grisi.

"Wewe ndiye koma?" Winchi akauliza.

"Mimi ni mwandishi wake."

"Koma ya kifungu cha tisa. Imeshika lango tangu mwezi wa pili. Hatujui kama inasukuma au inavuta."

Nikasema samahani sana. Nikasema koma ile niliiweka saa nane mchana baada ya chakula, na kwamba chakula kilikuwa wali. Winchi akasema alikuwa ameshahisi hivyo.

"Lakini koma ni jambo dogo," akasema. "Pita ndani ujionee ulichotuandikia."

Nikapita.

Lango lilikuwa moja tu, jembamba. Mbele yake zilisimama bidhaa zote mia mbili na kumi na moja, bega kwa bega, kila moja ikilikodolea lango macho. Hapakuwa na iliyosimama nyuma ya nyingine. Foleni ilikuwa na kina cha hatua moja na upana wa mikoa miwili.

"Habari zenu," nikasema.

"Mimi ni wa kwanza," akajibu Gunia la Ngano.

"Hata mimi," akasema Tairi, aliyesimama kulia kwake.

"Na sisi," yakasema Meno Bandia kutoka kwenye boksi lao, kwa pamoja, kwa matamshi safi sana.

"Wa pili ni nani?" nikauliza.

Gunia la Ngano akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Hapa hakuna wa pili," akasema. "Wa pili hayumo kwenye sheria."

Nikatembea mbele ya mstari huo kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, maana mtu akiwa na suti ya kijivu hajui kutembea vingine. Mbegu za alizeti zilikuwa zimesubiri mpaka zikaota ndani ya mifuko yao. Maua makubwa ya njano yalikuwa yamechomoza, nayo hayakufuata jua, yalilitazama lango. Betri za magari zilikuwa zimesimuliana habari mpaka zikaisha chaji. Mbolea alikuwa amemchumbia Ngano, lakini harusi ilikwama kwa kuwa hawakuafikiana nani aingie ukumbini kwanza.

"Bo-o-osi!"

Sauti ilitetemeka. Nikaijua hata kabla sijageuka. Kiti changu kilikuwa pale katikati ya mstari, bado kimevaa nailoni yake, kimejikalia.

"Bo-o-osi, namba kumi na saba nipo. Karibu uka-a-ae."

Ningependa kusema nilikataa. Nilikaa. Nilijiambia nakaa kidogo tu, kwa ajili ya ukaguzi. Kiti akaanza na kitufe cha tatu, kile cha mabega, na macho yangu yakajifumba yenyewe. Naomba ieleweke kwamba watu wengi wangefanya hivyo hivyo.

Nikiwa hapo nikasikia mtu anasema, karibu kabisa: "Unastarehe?"

Nikafumbua macho. Ni dada yangu Namkunda. Amevaa koti lake jeupe na mabuti ya mvua. Ameshika mwavuli mweusi. Nyuma yake, nje kabisa ya mstari, vitanda viwili vya kujifungulia vimelazwa kwenye lami juani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuuliza, unastarehe?"

"Nakagua," nikasema, na kwa kuwa kiti kilikuwa bado kinatetemeka, neno lilitoka vipande vinne.

Nikasimama. Nikamuuliza kwa nini vitanda vyake havijapanga foleni kama wengine. Akanionyesha kifungu cha kumi, kilichokuwa kimebandikwa kwenye nguzo. Niliandika kwamba itahudumiwa "kila bidhaa iliyosimama kwenye foleni."

"Kitanda hakisimami, Ndelilio," akasema. "Kingesimama kingekuwa kabati."

Ndipo nikaona kwamba mwavuli haukuwa wa kujikinga yeye mwenyewe. Alikuwa akimkinga nao mwanamke aliyelala juu ya kitanda cha kwanza, mjamzito, tumbo limeshuka. Alikuwa na kalamu nyekundu amechomeka kwenye nywele, na pembeni yake rundo la madaftari. Uchungu ukimwacha, anasahihisha daftari moja. Ukimrudia, anaweka kalamu chini na kushika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Huyu ni Mwalimu Nuruana, wa darasa la tatu," dada akasema. "Ana uchungu tangu Jumanne. Mtoto haji."

"Kwa nini haji?"

"Muulize mwenyewe."

Nikainama kwa heshima. Kutoka tumboni ikaja sauti tulivu, kama ya karani wa masjala aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Kifungu cha ishirini na mbili," Mtoto akasema. "'Hakuna kitakachowasili kabla kifaa cha kukipokea hakijatolewa bandarini.' Mimi nawasili. Kifaa cha kunipokea ni hiki kitanda. Hakijatolewa. Nasubiri."

"Lakini kifungu hicho niliandika kwa ajili ya malori!" nikasema.

"Uliandika 'hakuna kitakachowasili'. Ungeandika malori, sasa hivi ningekuwa nanyonya."

"Huko ndani kukoje?"

"Panabana," Mtoto akasema. "Lakini mimi nafuata sheria."

Mwalimu Nuruana akageuza uso. Alikuwa na macho ya mtu anayejua kusimamia watoto tisini peke yake. "Huyu ndiye mtu wa maneno?" akamuuliza dada. "Mwambie afanye haraka."

Alitaka kuongeza kitu, uchungu ukamkata. Nikaona midomo yake ilivyokauka. Nikaona daftari lililo mkononi mwake limelowa jasho mpaka wino mwekundu unachuruzika. Dada akaweka sikio kwenye ile pembe ya mbao wanayosikilizia mapigo ya mtoto. Alisikiliza muda mrefu. Aliponyanyuka, akanivuta pembeni.

"Mapigo yanashuka," akasema kwa sauti ya chini. "Siwezi kuwasubirisha hawa mpaka kikao chako kijacho. Nenda kaongee na hiyo sheria yako."

Nikageuka kwenda, na lango likawa mlango wa chumba cha mikutano. Kiyoyozi kinavuma. Chupa za maji zimepangwa. Kwenye kiti cha mwenyekiti amekaa Muswada mwenyewe, kurasa sitini na nne, amebanwa pini tatu ubavuni, ameota kitambi.

"Baba!" akasema. Akanyanyuka, akanipa mkono. "Sikutegemea. Huwa hunisomi tena."

"Mwanangu," nikasema, "nina shida. Kuna mwanamke pale nje. Nakuomba uruhusu kitanda kimoja tu kipite."

Muswada akalamba kidole, akajifunua kurasa moja moja, kwanza kifungu cha tisa, kisha cha kumi, kisha cha ishirini na mbili. Alijisoma kwa makini kuliko nilivyowahi kumsoma mimi. Mwisho akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Ningependa sana, baba. Lakini tazama ulivyonizaa. Hukuniwekea 'isipokuwa' hata moja. Nimejitafuta mwili mzima."

Ilikuwa kweli. Niliziondoa zote kwenye rasimu ya tatu. Kila nilipoweka "isipokuwa," mtu alinyanyua mkono kikaoni.

"Hakuna njia yoyote?"

"Ipo moja. Jedwali langu lina mistari mia mbili na kumi na moja, na sheria haivumilii mstari mtupu. Akitoka mmoja, anaingia mwingine, asimame asisimame. Na akitokea mmoja akakubali kukaa nyuma, basi tutakuwa na mbele na nyuma, na lango litajua pa kuanzia." Akanywa maji kidogo, karatasi ya mbele ikalowa. "Ila sijawahi kusikia mtu ameomba kukaa nyuma. Fomu yake hata haijachapishwa."

Nikamshukuru, nikatoka. Mlango ulipofungwa, chumba hakikuwepo tena. Nilikuwa mbele ya foleni.

Nikaanza na Ngano. Nikamwomba arudi hatua moja tu.

"Mimi ni mkate wa watu," akasema. "Niwaambie watoto wasubiri?"

Nikamwendea Mbolea. "Bila mimi huyo Ngano hayupo," akasema, akimtazama mchumba wake kwa upendo.

"Na huo mkate watautafuna na nini?" yakauliza Meno Bandia.

Niliwapitia vipuri vya trekta, dawa za mifugo, nyavu, nguzo, karatasi za mitihani. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Nilizijua zote, maana niliziandika mimi, na baadhi nilizipamba. Nikaenda mbele na kurudi nyuma jua likinipiga utosini, na nyuma yangu nikamsikia Mwalimu Nuruana akiguna kwa meno yaliyobanwa.

Mmoja tu hakuwa na sababu. Nilimwacha wa mwisho.

"Bo-o-osi," Kiti akasema, "usiniangalie hivyo."

Winchi akainama juu yetu sote, kivuli chake kikafunika mstari mzima. "Kifungu cha arobaini," akatangaza. "Atakayetoa bidhaa yake kwenye jedwali ataitamka hadharani kwa jina lake halisi."

Kifungu hicho pia ni changu. Nilikiandika kwa ajili ya wadanganyifu.

Nikakohoa. Nikaweka sawa tai. "Natamka kwamba bidhaa namba kumi na saba, kwa kuzingatia mahitaji mapana ya utumishi wa..."

"Jina halisi," Winchi akasema.

"Kifaa tiba cha uti wa mgongo."

Kiti mwenyewe akaona aibu, akazima kitetemeshi.

"Uti wa mgongo wa nani?" akauliza Mtoto kutoka tumboni.

"Wa watumishi wa umma."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Anaumwa?"

Bidhaa mia mbili na kumi zinanitazama. Mwalimu Nuruana ananitazama. Dada yangu ananitazama, hana hasira hata kidogo, ananitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba dawa alimeza. Nikatafuta neno. Kazi yangu yote ni kutafuta maneno, na siku hiyo nilitafuta moja tu la kujifunikia, nikalikosa.

"Haumwi," nikasema. "Ni kiti changu. Kina vitufe kumi na viwili. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Nilikiandika humo kwa sababu nilikitaka. Dada aliponiomba vitanda, nilimwambia sheria haiandikwi kindugu, na wakati huo kiti kilikuwa kimeshaandikwa."

Hakuna aliyezomea. Ningefurahi wangezomea. Maua ya alizeti, ambayo kwa miezi minne hayakuondoa macho langoni, yaligeuka yote kwa pamoja yakanitazama mimi.

Dada akafunga mwavuli. Akaufungua tena.

"Kumbe kuandika ulikuwa unajua," akasema.

Hilo tu.

Kiti akasimama. "Sasa naenda wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ni wapi?"

Hatukujua. Hakuna aliyewahi kwenda. Kiti akafikiri, akapiga hatua moja akiwapa wengine nafasi, na pale alipokanyaga pakawa nyuma. Bidhaa zote zikageuza shingo kutazama.

"Kuna hewa huku," Kiti akasema kwa mshangao.

"Kuna kivuli?" akauliza Tairi.

"Kipo kidogo."

Tairi akarudi akasimama nyuma ya Kiti. Meno Bandia yakasema kwa kweli hayana haraka, yanafanya kazi baada ya mkate. Betri zikaomba tu mahali pa kuegemea. Ngano akamwambia Mbolea, "Tangulia wewe, mwaka huu nimeshavunwa," na Mbolea akalia. Kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi moja, ikawa foleni kama foleni, yenye kichwa na mkia na watu wanaoulizana wa mwisho ni nani.

Mstari wa kumi na saba ukabaki mtupu katikati ya jedwali. Kitanda cha kwanza kikauona. Kikajikokota mpaka hapo, Mwalimu akiwa juu yake, kikalala kwenye mstari huo. Cha pili kikajibana pembeni yake. Kulala ndiyo kazi viliyozaliwa nayo.

Lango likafunguka, na foleni yote ikavipisha vitanda vitangulie.

Sheria yangu inataja mnyororo wa ugavi mara themanini na tatu. Sikujua kwamba ni mnyororo. Nilipotoka nje ya lango niliukuta barabarani, wa chuma, mnene kama paja, umetanda kuelekea milimani na kupotea machoni. Vitanda vilifungwa ncha ya huku. Halafu ukakwama.

"Hapa pana pingili haipo," Mnyororo akasema. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda. "Nimeisoma kwenye sheria. Pameandikwa 'wadau wengine.'"

"Ndiyo," nikasema.

"Ndio nani hao?"

"Sikuwa na mtu maalumu akilini."

"Basi shika," Mnyororo akasema.

Nikashika ncha ya huku kwa mkono wa kushoto na ncha ya huko kwa mkono wa kulia. Mnyororo ukavuta. Suti ikapasuka kwapani, kisha mgongoni, mgongo ambao sasa ulikuwa unauma kwelikweli. Mashamba ya mkonge yakapita. Vumbi jekundu likapita. Barabara ikaanza kupanda, ikapinda, ikawa ya mawe, migomba ikatokea, ukungu ukatuingia kwenye shingo. Sikuachia. Sisemi hivyo kujisifu. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka.

Tukafika. Zahanati ya dada, kuta za kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu. Vitanda vikaingia vyenyewe, kimoja kikachagua dirishani. Dada akawa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mimi nikanyata kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Dada, mimi ni mwanamume."

"Leo wewe si mwanamume, ni kifaa. Kaa hapo. Mpe mkono."

Nikakaa. Nikampa Mwalimu Nuruana mkono wa kulia. Aliuchukua bila kunitazama, kama mtu anavyochukua chaki.

"Kifaa kimetolewa?" Mtoto akauliza.

"Kimetolewa," dada akasema.

"Kibali kipo?"

"Mwanangu, toka. Mama yako amechoka."

"Sawa," Mtoto akasema, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya karani.

Mwalimu akavuta pumzi na kuubana mkono wangu. Sijawahi kubanwa hivyo na kitu chochote, si mlango, si mnyororo. Niliyahisi yote aliyoyabeba tangu Jumanne yakishuka kwenye vidole vyake na kuingia kwenye vyangu. Nikapiga kelele. Nikapiga tena. Dada, bila kuinua kichwa, akaniambia nipunguze sauti, namtisha mzazi.

"Tena, Mwalimu," akasema. "Mara moja tena. Nakiona kichwa."

Simu ikalia.

Ilikuwa simu yangu, kwenye meza ndogo kando ya kitanda, chumbani kwangu. Nje kulikuwa kumekucha. Nikaipapasa, nikaiweka sikioni.

"Umeamka?" Ilikuwa sauti ya Namkunda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wala sina la maana. Nimemaliza kazi sasa hivi, nikataka tu kumwambia mtu." Alikuwa anahema. Nyuma yake maji yalikuwa yakimiminika kwenye beseni. "Kuna mwalimu mmoja wa shule yetu ya msingi hapa, amejifungua alfajiri. Tumemzalishia kwenye meza ya dawa, nimetandika kanga zangu mbili. Tulikaribia kumpoteza, Ndelilio. Wote wawili. Lakini wapo. Msichana, analia vizuri."

"Mungu mkubwa," nikasema. Nikakaa kitandani. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nesi wangu yuko semina. Maskini, hakuwa hata na wa kumshika mkono, mimi ya kwangu yote miwili ilikuwa kazini."

"Akashika nini?"

Nikasikia akifunga bomba.

"Hewa," akasema. "Alinyoosha mkono pembeni akashika hewa, akaibana hiyo hewa mpaka mwisho. Nikajua ni uchungu tu. Ila nakuambia, alishika kweli."

Nikahamishia simu sikio la kushoto. Mgongo wa mkono wangu wa kulia ulikuwa na alama nne nyekundu za kucha, zimezama, zimejipanga. Mke wangu, Joselina, akafumbua jicho moja, akaziona. Akatazama kucha zake, alizozikata Jumapili. Akafumbua la pili.

"Ndelilio? Upo?"

"Nipo, dada. Nisomee namba ya kontena lako. Polepole."

Akaisoma, herufi nne na tarakimu saba. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuweza kushika kalamu.